Nyumba Tisa Kando ya Kinamasi

Tulimzika Koko Nalotwesha Alhamisi iliyopita kule Oldonyo Sambu, katika ule upepo wa nyuma ya mlima ambao haukuachii kufungua kitabu cha nyimbo mpaka ukishike kwa mikono miwili. Alikuwa mzee mno. Wajukuu zake wana mvi. Koko kwa Kimaa ni bibi, na kwa miaka mingi watu wa kule hawakumwita jina jingine, hata mchungaji alipokuwa akisoma wasifu wake alijisahau akasema "Koko wetu", akatabasamu, akaendelea. Baada ya mashada tulikaa kwenye viti vya plastiki tukapewa wali na nyama, na nilikuwa bado natafuta pa kuiweka soda yangu isiangushwe na upepo alipokuja binti mmoja mwenye sare ya kijani, akainama kidogo, akaniamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akajitambulisha kuwa ni Dativa, mhifadhi katika hifadhi ya ndege pale kinamasini. Wanaandaa kijitabu cha historia ya hifadhi, na ameambiwa mimi nilikuwapo tangu mwanzo. Akatoa karatasi nne kwenye bahasha, akaniomba nizipitie nione kama kuna makosa. Nikavaa miwani. Ndege wote walikuwamo: heroe, korongo taji, yangeyange, bata wa kila namna, wale wageni wanaofika wakati wa baridi ya kwao na kuondoka mvua zikianza. Katika ukurasa wa pili nikakutana na maneno haya: "Baada ya kuelimishwa, wananchi waliridhia kwa hiari yao eneo hilo lihifadhiwe." Niliyasoma, nikayarudia, wali ukapoa mapajani.

"Kuna kosa, mama?"

"La herufi hakuna," nikamwambia. "Lakini niachie hizi karatasi kwa siku chache."

Sasa ninazo hapa mezani kwangu Sekei, na kalamu mkononi, na nimegundua kwamba siwezi kusahihisha sentensi ile moja bila kuusimulia mwaka mzima.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya wanyamapori mjini Arusha, vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, na nilipanga chumba hapa hapa Sekei, nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kimeru aliyekuwa na migomba mpaka dirishani. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la mchina, sanduku la nguo na kioo kilichopasuka pembeni. Asubuhi nikifungua dirisha jani la mgomba liliingia ndani kama mtu anayetaka kusikia nilivyoamka. Nilikula uji peke yangu, mchana chai na mkate ofisini, jioni mwenye nyumba alinipitishia bakuli la ndizi na kuniambia nimekonda. Nilikuwa na furaha ambayo sikuijua kuwa ni furaha. Nilidhani ndivyo maisha yanavyokuwa mtu akishakuwa mkubwa.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Shirima, mtu wa Kilimanjaro, Mkatoliki wa kuingia misa kabla ya kazi. Alikuwa mwembamba, na koti lake moja la kahawia lilikuwa limechakaa viwiko kwa kuegemea meza. Alikuwa na tabia moja ambayo wageni wa ofisi waliiona kama dharau: akipita ndege dirishani, alikatisha sentensi. Hata kama anaongea na mkubwa wake. Alitazama mpaka ndege apotee, ndipo akarudi kwenye neno alipoliachia, bila kuomba radhi. Siku moja alinisikia mlangoni nikibishana kwa Kimaa na mama aliyekuja kutuuzia maziwa. Akatoka, akasimama nyuma yangu, akasubiri tumalize.

"Kumbe unakijua Kimaa sawasawa?"

"Ndiyo, Bwana Shirima."

"Basi wiki ijayo hutapiga chapa. Tutakwenda wote Oldonyo Sambu."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkalimani. Hakuna aliyenifundisha. Niliamini kwamba mtu akijua lugha mbili, kazi iliyobaki ni mdomo tu.

Kinamasi nilikiona kwa mara ya kwanza kutoka juu ya kilima, gari likiwa limezimika na dereva akiwa amefungua boneti. Nchi yote ile ni vumbi na mawe na migunga mifupi, kisha ghafla chini yako kuna kitu kijani, kipana, kinachometameta katikati, na pembeni mwa maji mstari wa rangi ya waridi ambao nilidhani ni udongo mpaka uliponyanyuka na kuruka. Bwana Shirima alikaa juu ya jiwe akiwa na darubini aliyokuwa hata haitumii, imelala tu mkononi. Baadaye, tulipokuwa tukitembea kwenye ukingo wa matete, tuliwaona korongo taji wawili wakichezeana, wakirukaruka na mabawa wazi, na mmoja akiokota kijiti na kukirusha hewani. Nilicheka kwa sauti. "Cheka," akaniambia, "hata mimi mara ya kwanza nilicheka." Nadhani pale ndipo nilipoanza kukitaka kile kinamasi kwa moyo, na kitu unachokitaka kwa moyo kinaweza kukupotosha bila wewe kujiona.

Koko tulimkuta ndani ya maji mpaka mapajani, akikata matete ya kuezekea banda la ndama. Wakati ule hakuwa mzee. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mwenye mikono mirefu na macho ya kukupima. Tukasalimiana. Nikamweleza tumekuja kuona ndege. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia wenzake waliokuwa ukingoni kwamba Kimaa changu ni kizuri ila nakiongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Wakacheka wote, nami nikacheka. Bwana Shirima akauliza amesema nini. Nikamwambia, "Anatukaribisha." Nimekumbuka jambo hilo juzi tu, pale makaburini. Sikulihesabu kuwa uongo. Lilikuwa jambo dogo la adabu.

Tulikwenda kule karibu kila mwezi. Bwana Shirima alilala kwa mwalimu mkuu, mimi nililala kwa Koko. Nyumba yake ilikuwa na giza jema, lile la moshi na ngozi na maziwa, na ndama mmoja alilala upande wa pili wa ukuta wa fito hata nikawa namsikia akicheua. Alikuwa akinipikia loshoro, mahindi yaliyolainika katika maziwa mgando, akinipa kwenye kibakuli cha bati chenye maua mekundu ambacho najua alikuwa hampi kila mgeni. Jioni wanawake wa nyumba za jirani walikuja kukaa mlangoni. Walizungumza habari za watoto, za wake wenza, za mchungaji mpya aliyekuwa akihubiri kwa muda mrefu mno, lakini kila mazungumzo yalizunguka yakaishia pale pale, kwenye chemchemi. Kinamasi kile maji yake yana magadi, hayanyweki. Upande wa mashariki tu, chini ya mawe matatu makubwa, palikuwa na jicho la maji matamu yatokayo mlimani. Nyumba tisa zilikunywa hapo. Chemchemi nyingine iliyo karibu ilikuwa mwendo wa nusu siku, na mwaka ule mvua za vuli hazikuja.

Nilikuwa nikiwasikiliza huku nikiwa nimefumba macho. Mpaka leo, mtu akisema neno "amani" kanisani, mimi sioni njiwa wala mwanga. Nasikia wanawake wanasemezana mlangoni na ndama anacheua.

Kisha siku moja, ofisini, nikasikia kupitia ule ukuta wa mbao. Alikuwa amekuja mgeni mmoja mwenye sauti ya kucheka, sikumjua na sikumwona uso. Alikuwa akimweleza Bwana Shirima kwamba kuna watu wanataka eneo la kinamasi kwa kilimo cha maua. Waridi za kupelekwa ng'ambo. Watachimba mifereji, watakausha, watajenga mabanda ya nailoni. "Eneo lenyewe limekaa bure, Shirima," alisema. "Wewe unataka ndege, sawa, ndege wana mabawa, watahama. Kama una muhtasari wa wananchi kuwa wamekubali hifadhi, ulete kabla mwezi haujaisha. Ukikosekana, jalada litakwenda upande wa pili." Mgeni alipoondoka Bwana Shirima hakuja kuchukua chai yake. Nilimpelekea. Alikuwa amekaa ametazama dirishani, na yangeyange alipita, na hakugeuza macho kumfuata.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi, kwa sababu nje upepo ulikuwa unabeba maneno. Wanaume walikubali mapema. Malisho ya upande wa magharibi yaliachwa nje ya hifadhi, na hilo ndilo walilokuwa wakilitaka. Walibaki wanawake tisa wa zile nyumba tisa, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa vidari. Akasimama Koko.

"Muulize," akaniambia kwa Kimaa. "Chemchemi itabaki kwetu?"

Nikamuuliza. Bwana Shirima akakuna kiwiko cha koti. Alikuwa mtu mkweli, na hakuwa na mamlaka ya kuahidi. Akasema kwa Kiswahili, "Suala la chemchemi litaangaliwa na wataalamu wakati wa kuweka mipaka."

Sentensi hiyo niliijua. Nilikuwa nimeipiga chapa mara nyingi, katika barua za mambo mengi, na nilijua barua hizo huishia wapi. Nilimtazama Koko, na nyuma yake dirishani niliona kipande cha kijani kile. Nilifikiria mifereji. Nilifikiria siku zilizobaki mwezi kuisha. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Nikamwambia Koko kwa Kimaa, kwa sauti nzuri, "Anasema chemchemi ni yenu. Haitaguswa."

Wakaangaliana. Koko akaitikia kwa kichwa, akakaa. Kisha wakaja mmoja mmoja mezani kuweka dole gumba, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika pedi ya wino, niliushika mkono wa kila mmoja wao na kumwonyesha pa kukandamiza. Vidole vilikuwa vigumu, vimepasuka kwa baridi na matete. Nilivishika tisa. Nimefanya kazi ya ukalimani maisha yangu yote baada ya hapo, mahakamani miaka mingi, na nimesikia watu wakiapa kwa Biblia na kwa Kurani, lakini kiapo ninachokikumbuka kwa ngozi yangu ni kile ambacho hakuna aliyekitamka.

Muhtasari ulifika kwa wakati. Jalada la maua likafungwa. Bwana Shirima alinialika nyumbani kwake Jumapili, mkewe akapika machalari, ndizi na nyama mchuzi mzito, akaniongezea mara mbili kabla sijamaliza. Watoto waliagizwa wanisalimie kama mgeni wa maana. "Bila huyu binti," aliwaambia, "kinamasi kile kingekuwa shamba." Niliona aibu, wakaidhania kuwa ni haya. Nilikula vizuri siku ile. Ninalisema kwa sababu ni kweli: sikuwa na dhamiri inayoniuma bado. Nilikuwa nimejiambia kwamba wataalamu watakuja, wataiona chemchemi na zile nyumba, wataacha, na neno langu litakuwa kweli kwa kuchelewa kidogo tu.

Wapima ardhi walikuja mwanzoni mwa kiangazi kikali. Bikoni ya mashariki, ile nguzo ya kuonyesha mpaka, waliiweka juu ya kilima, mbali nyuma ya chemchemi, kwa sababu ramani yao ilifuata kilima. Baada yao likaja lori la nguzo na seng'enge. Tulipofika mimi na Bwana Shirima kukagua, waya ulikuwa umeshavutwa upande wote huo, chemchemi ikiwa ndani. Yeye alikuwa akihesabu nguzo, ana furaha. Mimi nilimwona Koko amesimama na ndoo yake upande wa nje, ameshika waya kwa mkono mmoja kama mtu anayeshika nguo ya mwenzake.

"Wamekosea hawa vijana," akaniambia. "Mwambie bwana wako wamekosea."

"Ndiyo," nikasema. "Wamekosea. Nitamwambia."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na huu nilijua kabisa ni nini.

Wiki ile Sekei sikula. Mwenye nyumba alileta bakuli, akalikuta kesho yake lilivyo. Alinigusa paji la uso, akauliza kama nimepata ujauzito. Nikamwambia hapana, akasema basi ni nini kingine kinachoweza kumfanya msichana akatae ndizi za samli. Jumamosi asubuhi nikaomba lifti kwenye lori lililokuwa likienda kupakia viazi, nikashuka njia panda, nikatembea. Nilifika saa sita mchana. Koko alikuwa jikoni, akikoroga sufuria. Maji yalikuwa ni yale ya mbali. Punda alikuwa nje, mgongo umelowa. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote kabla sijapewa hata maji ya kunywa.

Hakuacha kukoroga.

"Yale maneno yalikuwa ya nani?"

"Yangu, Koko."

"Yeye alisema nini?"

Nikamtafsiria, neno kwa neno, kwa mara ya kwanza: suala la chemchemi litaangaliwa na wataalamu wakati wa kuweka mipaka. Alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande.

"Hilo si jibu," akasema.

"Si jibu."

"Ungeniletea hilo lilivyo, enkerai, mwanangu. Ningelisikia kuwa bovu. Ningemuuliza tena." Akaweka mwiko chini. "Ningemuuliza mpaka angechoka. Umeninyima swali langu la pili."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa fimbo. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nililia, naye aliniacha nilie mpaka chakula kikaiva. Akanipakulia kwenye kile kibakuli cha maua mekundu. Tulipomaliza akasema, "Kesho baada ya kanisa utakwenda nyumba zote. Mimi nitakupeleka mpaka mlangoni. Lakini sitakusemea."

Basi Jumapili hiyo nilizunguka nyumba nane, kwa kuwa ya tisa, ya Koko, nilikuwa nimeshaiambia. Katika kila nyumba nilikaa, nikapewa kitu, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akileta habari mbaya, na nikayasema yale yale, hata habari ya watu wa maua. Nilidhani yatakuwa mepesi kwa kurudiwa. Yalizidi kuwa mazito. Nyumba ya kwanza mwenyewe alicheka, akadhani ni mzaha, ikabidi nirudie, nikaona uso wake ukibadilika. Nyumba ya tatu alikuwa mzazi wa siku chache, amelala na mtoto wake. Alimpa mama yake ishara nimiminiwe maziwa kikombeni, maziwa yenyewe machache, akanitazama nikinywa mpaka tone la mwisho. Katika nyumba ya tano nilikuta mwanamke mnene mpole niliyempenda kuliko wote, mama wa mwalimu wa shule ya Jumapili. Alinisikiliza, akauliza:

"Na kama ungesema kweli, tungekataa kuweka dole?"

"Pengine mngekataa."

"Na wale wa maua wangekuja?"

"Nadhani wangekuja."

Alipapasa magoti yake. "Basi sijui nikufanye nini," akasema mwishowe, akaniongezea chai.

Mimi nami mpaka leo sijui. Nimeyapima haya katika vyumba vingi tangu wakati ule, na kila mara nikifika pale kwa mama yule nasimama. Ndege wapo. Nimewaona Alhamisi kwa macho yangu, mstari ule ule wa waridi. Sitasema najuta kuwa wapo. Nasema tu kwamba waliokoka kwa kitu nilichowaibia wanawake tisa, na kwamba vitu hivi viwili havijawahi kufutana moyoni mwangu, hata siku moja. Tulipotoka nyumba ya mwisho tumbo lilikuwa limejaa chai na maziwa hata kutembea kulikuwa taabu. Koko alinishika mkono njiani. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu, na hakuuachia mpaka tukafika kwake.

Jumatatu nilimwambia Bwana Shirima. Alikuwa amesimama karibu na dirisha na flaski yake ya chai. Aliniacha nimalize, kisha akaiweka flaski mezani polepole sana.

"Umenisemesha neno nisilolisema."

"Ndiyo, Bwana Shirima."

"Mbele ya watu wote wale. Na wakaweka dole kwa neno hilo." Alikuwa hajawahi kunipandishia sauti, na hata siku ile hakupandisha. "Sasa neno hilo ni la nani? Langu au lako?"

"Kwangu ni langu," nikasema. "Lakini wao walilisikia kuwa lako."

Akaenda chumba cha pili, akafunga mlango. Kupitia mbao nilisikia kiti, kisha kalamu. Mchana akatoka na karatasi mbili za mwandiko wake, akaziweka kando ya taipureta yangu. Ilikuwa barua kwenda kwa wakubwa, akiomba mpaka wa mashariki uangaliwe upya. Nilianza kupiga chapa, nikafika mstari wa tatu, mikono ikasimama. Alikuwa ameandika: "Katika mkutano niliwaahidi akina mama hao kwamba chemchemi haitaguswa."

"Bwana Shirima," nikasema, "hukuahidi."

"Piga chapa, binti."

"Andika kwamba ni mkalimani. Andika jina langu."

"Nikiandika ni kosa la mkalimani, watasema kosa limeonekana, wakufukuze, na waya ubaki ulipo. Nikiandika niliahidi, itabidi wajibu." Alivaa koti lake. "Piga. Nina njaa, nakwenda kula."

Nilipiga chapa, nikakosea mara nyingi, nikarudia karatasi tatu. Barua ile ilimgharimu. Aliitwa, akaulizwa alipata wapi mamlaka ya kuahidi ardhi ya serikali, na cheo alichokuwa anakisubiri alipewa mtu mwingine. Mwaka uliofuata walimhamishia mbali, kusini, kwenye pori ambako alisema kwa barua kwamba kuna ndege wengi ajabu na mbu wengi zaidi. Amefariki miaka kadhaa sasa. Katika zile karatasi nne za Dativa jina lake limetajwa mara moja, likiwa na kosa la herufi moja ambalo nimelirekebisha.

Majibu yalichukua miezi. Wakati huo wote nyumba zile tisa zilikwenda kuchota maji mwendo wa nusu siku, na kila tulipokwenda kule tulibeba mapipa mawili ya maji nyuma ya gari, ambayo hayakutosha kitu na hakuna aliyeyakataa. Mwishowe ikaja: mpaka hauwezi kubadilishwa, ila upande wa mashariki patawekwa lango dogo, na wanawake wa nyumba hizo wataingia kuchota kila asubuhi na kila jioni, na ufunguo wa lango utakuwa mikononi mwao wenyewe. Halikuwa lile nililoahidi. Lilikuwa karibu nalo kuliko nilivyostahili.

Siku ya kufungua lango tulikusanyika kwenye waya, watu wengi, hata wanaume. Bwana Shirima alikuwa na hotuba fupi. Aliisema sentensi moja moja, nami nikaitafsiri ilivyo, pamoja na mahali alipojikwaa, pamoja na mahali alipokatisha kwa sababu korongo taji wawili walipita juu yetu wakilia. Akawasomea masharti yote, hata yale yasiyopendeza: wasikate matete ndani, ng'ombe wasiingie, lango lifungwe kila mara. Nikayasema yote, nao wakanung'unika, nami nikamtafsiria manung'uniko. Kisha Koko akaja mbele na ndoo yake, akasimama kati yetu wawili.

"Mwambie," akasema kwa Kimaa. "Huyu binti alitudanganya."

Mbele yetu walikuwapo wazee, na walimu na watu wa ofisini ambao wengi wao walijua Kiswahili tu. Nilitaka kusema "mimi". Nilitaka kusema "anazungumzia yale yaliyopita". Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, "Huyu binti alitudanganya."

"Alikuja mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akasema."

"Alikuja mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akasema."

"Maneno yenu, kuanzia leo, tutayapokea kwa mdomo wake. Wa mtu mwingine hatutaki."

Hilo nililitafsiri kwa shida, sauti ikikatika katikati, lakini nililifikisha lote. Bwana Shirima alinitazama.

"Amesema hivyo? Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno, Bwana Shirima."

Akatoa kitambaa, akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Basi mwambie nimesikia."

Nikamgeukia Koko. "Anasema amesikia."

Koko alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi, kwa yale macho yake ya kupima.

"Hilo tu?"

"Hilo tu, Koko."

Akaridhika. Akafungua kufuli, akasukuma lango kwa goti, akaingia na ndoo yake, na wale wanane wakamfuata.